Mafundi wote wananiuliza "saizi gani?": nipange nini kabla ya kutoa kazi ya bango

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nafungua duka la miwani lenye chumba cha kupimia macho. Jengo liko mita 12 kutoka ukingo wa barabara, magari hupita kwa mwendo wa kama kilomita 50 kwa saa, na kuna mti mkubwa unaolificha duka mpaka gari libakize kama mita 70. Nimewaita mafundi watatu wa mabango. Wote swali lao la kwanza lilikuwa "unataka saizi gani?" Nikasema mita nne kwa moja, kwa kukisia tu. Bei walizonipa zimepishana mno, ya juu ni zaidi ya mara tatu ya ile ya chini, na kila mmoja anasema atanitengenezea bango zuri linalowaka usiku. Nianzie wapi?

JIBU: Salama, dada, na hongera kwa duka. Hao mafundi hawajakosea kuuliza saizi, ila wameiuliza mapema. Kabla ya saizi kuna mambo matatu: nani atalisoma bango, atakuwa amesimama au anapita wapi, na atakuwa na sekunde ngapi. Hayo huyajui kwa kukaa ofisini na fundi. Unayajua kwa kutoka nje na tepu ya kupimia, ukatembea mpaka ng'ambo ya barabara, ukarudi, ukapita tena ukiwa ndani ya gari. Bei zimepishana kwa sababu kila fundi amejaza mwenyewe yale ambayo hukumwambia. Umepewa bei tatu za kazi tatu tofauti, hivyo huwezi kuzilinganisha.

Tuanze na dereva, maana vipimo vyake umeshanipa. Gari la kilomita 50 kwa saa linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Mti wako unamwachia mita 70, yaani sekunde tano tangu alione bango mpaka alipite. Ndani ya sekunde hizo tano anatakiwa alione, alisome, aamue, apunguze mwendo na akate kona. Mimi humpa msomaji wa aina hiyo sekunde mbili tu za kusoma. Zikiisha hizo, amebakiza kama mita 42. Kwa hiyo maneno ya kwako lazima yawe yameshasomeka akiwa mita 42, sio akiwa mlangoni.

Sasa angalia jambo ambalo watu wengi hawalioni mpaka bango limeshafungwa. Bango lililopigwa ukutani, sambamba na barabara, linamtazama mtu aliye ng'ambo. Dereva anayekuja halimtazami. Yeye analiona kwa ubavu, na akiwa mita 42 upana wa herufi unabaki kama theluthi ya upana wake wa kweli. Herufi yenye upana wa sentimita 30 anaiona kana kwamba ina sentimita 10, na zote zimebanana kama vitabu kwenye rafu. Ukubwa wa herufi hautibu tatizo hilo vizuri. Linalotibu ni kuligeuza bango limtazame.

Ndiyo maana kwa eneo lako mimi nisingeomba bango moja la mita nne kwa moja. Ningeomba mawili. La kwanza la ukutani, juu ya mlango, kwa ajili ya waenda kwa miguu na walio ng'ambo. La pili la nguzo, lenye pande mbili, limesimama ndani ya eneo lako na limegeukia magari yanayokuja kila upande. Hilo la pili ndilo litakalokuletea wageni wasiojua kama upo. Ukiona fedha hazitoshi kwa yote mawili, tengeneza vizuri la nguzo kwanza, na la ukutani uweke la kawaida lisilo na taa, uje uliboreshe baadaye.

Kuhusu ukubwa wa herufi, sisi mafundi tuna kanuni ya kazini: kila mita 3 za umbali zinahitaji kimo cha herufi cha milimita 25 ili mtu asome bila kujikaza. Herufi hiyohiyo inaweza kusomeka hata mita 9, lakini hapo msomaji anatafuta, anakaza macho, na mwanga uwe mzuri. Mafundi wengine hupiga hesabu kwa hiyo mita 9 kwa sababu bango linatoka dogo na bei inavutia. Kwa biashara yako nakusihi usikubali. Wateja wako ni watu wasioona vizuri.

Wewe mwenyewe utakuwa na chati ya Snellen ukutani, chati ya herufi za kupimia macho, ile ya daktari wa Uholanzi Herman Snellen ya mwaka 1862. Mstari wa 6/6 wa chati hiyo, ule wa macho ya kawaida, una herufi za karibu milimita 9, zinazosomwa kutoka mita 6. Mtu wa 6/12, yaani anayeona kwa mita 6 kile ambacho macho ya kawaida yanakiona kwa mita 12, anahitaji herufi kubwa mara mbili ya hizo kwa umbali uleule. Huyo ndiye mteja wako, na bado hajavaa miwani kwa kuwa hajafika dukani. Bango ndicho kipimo chake cha kwanza cha macho na wewe hutaki ashindwe. Kwa hiyo shika kanuni ya mita 3, na kwa mita 42 inatoa herufi ya milimita 350, sentimita 35.

Hapo ndipo saizi inapojitokeza. Herufi nene za kawaida, pamoja na nafasi kati yao, huchukua upana wa kama asilimia 80 ya kimo chake. Neno MIWANI lina herufi sita: sita mara 35 mara 0.8 ni sentimita 168. Bango linahitaji uwazi pembeni ili jicho lishike neno, tuseme sentimita 36 kila upande, jumla sentimita 240. Juu ya neno weka picha ya miwani yenye kimo cha sentimita 40, kwa sababu umbo hutambulika kabla ya neno kusomwa. Ukijumlisha kimo cha picha, cha herufi na nafasi za juu, chini na katikati, unapata sentimita 120. Bango lako la nguzo ni mita 2.4 kwa 1.2, na sio kwa kukisia.

Kipimo hicho kina faida nyingine. Shiti la kawaida la alumini yenye plastiki katikati, lile ambalo mafundi wengi huliita alukobondi, lina milimita 1220 kwa 2440. Kwa hiyo kila upande wa bango unatoka kwenye shiti moja zima, bila kiungo katikati ya uso. Kiungo ndipo maji yanapoingilia na ndipo stika inapoanza kubanduka. Kama hesabu ingetoa mita 2.6, ningekushauri ubane uwazi wa pembeni ili urudi kwenye shiti moja.

Umeona sijaweka jina la duka kwenye bango la nguzo. Najua linauma, jina umelifikiria kwa miezi. Lakini dereva wa sekunde mbili anataka kujua unauza nini. Jina liweke ukutani, ambako msomaji amesimama. Na namba ya simu iondoe kabisa kwenye nguzo, hakuna anayeendesha gari akanakili tarakimu kumi. Ibandike kwenye kioo cha mlango kwa ajili ya atakayekuta mmefunga.

Bango la ukutani lina hesabu rahisi zaidi. Pima kutoka ukutani mpaka ukingo wa mbali wa njia ya miguu ng'ambo. Tuseme ni mita 24: herufi za jina ziwe sentimita 20. Kabla ya kumlipa mtu yeyote, fanya jaribio hili. Chukua karatasi za A4, zilaze, kila moja ichapwe herufi moja nyeusi nene inayojaza kimo chake. Karatasi ya A4 iliyolala ina kimo cha milimita 210, kwa hiyo herufi yako itakuwa karibu na sentimita 20. Kata ziada ya pembeni, zibandike ukutani kwa gundi ya karatasi mahali hasa bango litakapokaa, kisha vuka barabara. Angalia saa mbili asubuhi, angalia saa nane mchana, angalia pia malori yakiwa yameegesha mbele. Piga picha kila mara ukiwa umesimama palepale. Nimewahi kuona mwenye duka akihamisha bango lake sentimita 60 kwenda juu kwa sababu ya picha moja tu ya aina hiyo, baada ya kugundua kuwa jina lote liko nyuma ya bodi za magari ya mizigo kila siku ya kazi.

Ukiwa na ngazi pale ukutani, pima ukuta wenyewe. Chukua upana sehemu tatu, juu, katikati na chini, na kimo sehemu tatu vilevile, maana kuta nyingi zinadanganya kwa sentimita moja au mbili. Gonga usikie kama ni tofali, zege au ubao mwepesi uliopigwa plasta, kwa kuwa boliti na plagi za ukutani zinachaguliwa kwa hilo. Andika pia umeme uko umbali gani na bango litatazama upande gani. Uso unaopigwa na jua la mchana kutwa hupauka mapema kuliko ulio kivulini, na nyekundu mara nyingi ndiyo ya kwanza kukimbia.

Sasa nguzo. Hapa nataka uwe mkali, kwa sababu bango likianguka linaweza kuua mtu. Upepo wa mita 30 kwa sekunde, yaani kilomita 108 kwa saa, unasukuma kila mita ya mraba kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 56 hivi. Bango lako lina mita za mraba 2.88, kwa hiyo ni kama kilo 160 zinazolisukuma usoni, tena bila kuhesabu nyongeza ambazo wahandisi huweka kwa ajili ya umbo na vishindo vya upepo. Nguvu hiyo iko juu, mita tatu au zaidi kutoka ardhini, na nguzo inaifanyia kazi kama wenzo kwenye shina lake. Fundi akikuambia tu "tutachimba shimo na kumwaga zege," muulize kina gani, upana gani, na bomba la chuma lina unene gani wa ukuta. Akikosa jibu, mlipe mhandisi achore msingi na nguzo. Mchoro huo ni sehemu ndogo ya gharama, na utawapa mafundi wote watatu kitu kimoja cha kukadiria.

Taa ndizo zinazotenganisha bei kuliko kitu kingine chochote. Kauli "linawaka usiku" haina maana mpaka iwe na namba. Taa za LED za mabango huja kama vipande vidogo vilivyoungwa kwa waya, mara nyingi vya volti 12, na hulishwa na kigeuzi cha umeme ambacho wengi tunakiita transfoma. Kigeuzi kisibebeshwe zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake. Vipande 100 vya wati 0.72 ni wati 72. Gawanya kwa 0.8 unapata 90, basi nunua cha wati 100. Fundi wa bei ya chini mara nyingi huweka cha wati 75 kwa kazi hiyohiyo. Kitawaka siku ya kwanza vizuri tu, kitakuwa cha moto kila usiku, na kitakufa mapema. Dai pia vifaa vya nje viwe na alama ya IP65 au zaidi, na IP67 kama vinaweza kukaa kwenye maji. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji.

Kisha uliza swali ambalo mimi nililijua kwa uchungu: kigeuzi kitakaa wapi, na nitakifikiaje? Miaka yangu ya mwanzo nilishiriki kazi moja ya herufi za kuinuka zilizopigwa juu ya ukuta wa shiti. Kigeuzi tulikifungia nyuma ya shiti, tukaziba kingo zote kwa silikoni ili maji yasiingie, na kazi ikapendeza kweli. Kilipokufa, hapakuwa na kijimlango wala skrubu ya kufungua. Ilibidi tung'oe herufi zote, tukate silikoni, tushushe mashiti, na mawili yakapinda. Kifaa kilichoharibika kilikuwa na ukubwa wa tofali. Mwenye duka alikaa siku nyingi bila jina ukutani, na alikuwa na haki ya kukasirika. Tangu hapo sijachora bango bila mlango wa matengenezo, na kigeuzi ninakiweka ndani ya jengo kila inapowezekana. Waya ukiwa mrefu sana volti hupungua na herufi za mwisho hufifia, kwa hiyo fundi akuonyeshe kwenye mchoro umbali na unene wa waya.

Kwa wateja wako kuna jingine la taa. Mtu mwenye mtoto wa jicho akitazama mwanga mkali huona ukungu wa mwanga umeizunguka taa. Herufi nyembamba nyeupe zinazowaka kwa nguvu zote kwenye usuli mweusi zitamwagikiana machoni mwake na jina litakuwa doa. Omba herufi nene kiasi, zilizoachiana nafasi ya kutosha, na kifaa cha kupunguza mwanga ili upange ukali wake baada ya kuliona gizani. Ni ombi dogo na wachache hulifikiria.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Stika za nje si moja. Ya bei ya chini kabisa huvumilia nje miaka 3 hadi 5, ya daraja la kati 5 hadi 7, na ile ya juu, laini inayokubali kulala kwenye mikunjo, 7 hadi 10 au zaidi, kutegemea jua. Zote zikiwa mpya zinafanana machoni, kwa hiyo jina la daraja liandikwe kwenye makadirio. Fleksi, lile turubai la plastiki linalochapwa, inafaa kwa tangazo la miezi michache, sipendi kuiona kama uso wa kudumu wa biashara. Chuma cha ndani kiwe kimepakwa zinki au rangi ya kuzuia kutu kabla ya kufunikwa, na boksi lolote liwe na vitundu vya kutolea maji upande wa chini.

Nembo yako itafute sasa, usingoje. Picha iliyotolewa kwenye simu haifai kukata herufi. Mwombe aliyekuchorea faili la vekta, yaani mchoro wa mistari usiopoteza ukali ukikuzwa, la SVG, AI, CDR au PDF iliyotoka kwenye programu ya uchoraji, na maandishi yake yawe yamegeuzwa kuwa mistari ili yasibadilike kwenye kompyuta ya mwingine. Omba pia namba za rangi, za Pantone au RAL. Buluu ya kwenye skrini na buluu ya stika ni ndugu wa mbali, namba ndiyo inayowakutanisha. Ukipata sampuli ya stika, itoe nje juani uitazame hapo.

Vibali: mwenye jengo akukubalie kwa maandishi, akitaja ukuta, nguzo na nani atakayeziba matundu siku ukihama. Mamlaka ya eneo lako ikuambie masharti ya ukubwa, taa na umbali kutoka barabarani kabla hujachimba shimo. Na uliza kama kuna nyaya au mabomba chini ya pale unapotaka kuchimba.

Haya yote yaandike kwenye karatasi moja: picha zako zenye vipimo, maneno ya kila bango, kimo cha herufi, aina ya shiti na stika, wati na IP za taa, kigeuzi kitakapokaa, mchoro wa nguzo. Wape mafundi wote watatu karatasi hiyohiyo, na uwaombe bei ya kila kipengele peke yake, sio jumla tu: utengenezaji, msingi, usafiri, ufungaji, kazi ya fundi umeme, kodi, kibali. Kisha soma maswali watakayokurudishia. Fundi anayekuuliza gari lake la ngazi litasimama wapi, au anayesema "hapa umeandika wati chache," ameshaanza kukufanyia kazi. Mimi ningempa uzito kuliko aliyeshusha bei bila kuuliza chochote. Nenda pia ukaone bango lake lenye miaka miwili au mitatu. Jipya humsifia kila fundi, la zamani ndilo lenye ushahidi: tazama kingo za stika, michirizi ya kutu chini ya boliti, na herufi ngapi zimezima.

Dhamana iseme inafunika nini. Kuna anayekupa kifaa kipya bure halafu akakutoza kupanda na kushuka, na kupanda ndiko ghali. Malipo yagawe: ya kuanzia, ya pili baada ya wewe kusaini mchoro wa mwisho wenye vipimo, na ya mwisho baada ya kukabidhiwa. Mchoro huo mpe mtu mwingine asome kila herufi kabla hujasaini, kwa sababu ukishasaini kosa la herufi ni lako.

Na makabidhiano yasifanyike mchana. Mwambie fundi aje jua likishazama, awashe, na mvuke barabara pamoja mpaka pale ulipopigia zile picha za karatasi. Tafuteni herufi yenye giza, kona iliyofifia, mwanga unaovuja pembeni. Kisha ingieni kwenye gari, mwende mpaka nyuma ya mti, mrudi kwa mwendo wa kilomita 50 mkiwa na mtu asiyelijua duka. Akisema "miwani" kabla hamjafika mita 42, lipa kilichobaki.